Jinsi ya Kupima Kasi Halisi ya Intaneti Yako

Wakazi wengi hulipia intaneti ya nyumbani au ya biashara kila mwezi kulingana na kasi iliyoandikwa kwenye mkataba. Ni wachache wanaothibitisha iwapo kasi hiyo ndiyo inayowafikia. Kupima hakuhitaji fundi. Kunahitaji simu au kompyuta, saa na hesabu ndogo.

Biti si baiti

Kampuni huuza kasi kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps, kwa herufi b ndogo. Simu na kompyuta huonyesha ukubwa wa faili kwa megabaiti, yaani MB, kwa herufi B kubwa. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo, aliyelipia Mbps 10 asitarajie kupakua megabaiti 10 kila sekunde. Gawanya 10 kwa 8, utapata 1.25. Anayeona faili ikishuka kwa takriban megabaiti 1.2 kwa sekunde hajapunjwa.

Kasi ya kifaa si kasi ya laini

Enzi za modemu zilizotumia laini ya simu ya mezani, kifaa kiliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde, lakini kwa kawaida laini haikufikisha kiwango hicho. Hata ingefikisha, hizo ni kilobaiti 7 tu, na faili ya megabaiti 1 ingechukua zaidi ya dakika 2. Leo ni vivyo hivyo: ruta iliyoandikwa Mbps 300 haiwezi kuongeza kasi ya laini ya Mbps 10.

Hatua za kufuata

1. Soma mkataba. "Hadi Mbps 10" ni kiwango cha juu, si ahadi ya kila saa. Angalia pia kasi ya kupakia, kwani huenda ikawa ndogo kuliko ya kupakua.

2. Tenganisha simu na runinga nyingine zinazotumia laini hiyo, na usitishe masasisho ya programu.

3. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kama hakuna waya, simama karibu na ruta. Ikiwa kasi ni nzuri hapo lakini ni duni chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba.

4. Pima kwa tovuti ya kupima kasi asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Andika tarehe, saa na matokeo. Wanaotumia bando wakumbuke kwamba kila kipimo hula data.

5. Hakikisha kwa kupakua faili ambayo ukubwa wake unajulikana. Faili ya megabaiti 50 ikichukua sekunde 80, zidisha 50 kwa 8 upate 400, kisha gawanya kwa 80. Kasi halisi ni takriban Mbps 5.

Kasi ikiwa chini

Wasilisha malalamiko kwanza kwa kampuni inayokuhudumia, ukiambatisha rekodi zako, na uhifadhi nambari ya malalamiko. Usiporidhishwa, yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Wenye saiba na wanaowasilisha ritani za ushuru wanashauriwa kupima mapema. Makataa ya Juni 30 hayamsubiri mtu ambaye laini yake inakwama.