Afya ya Mzee Iko Nyumbani Kwake: Mafunzo Niliyopata Gitambi

Tarafa ya Gitambi iko kusini mwa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kwenye vilima vinavyotazama bonde la Bugarama na mashamba yake ya mpunga. Vijana huteremka bondeni kutafuta vibarua, wengine huenda Kamembe au Kigali. Wazee hubaki vilimani, mara nyingi na wajukuu. Mimi ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na haya ndiyo niliyojifunza kwa kuwatembelea majumbani mwao. Yote yananirudisha kwenye jambo moja: daktari humwona mzee kwa dakika chache, lakini afya yake hujengwa au kubomoka pale anapolala, anapokula, na mikononi mwa wanaomjulia hali.

1. Karatasi huja kabla ya dawa

Bima ya afya ya jamii, mituweli, huanza mwaka wake tarehe 1 Julai, na mchango wake hulipwa kwa kaya nzima. Nilikutana na bibi aliyekuwa bado anahesabiwa pamoja na watoto waliokwisha kuhamia mjini. Mchango ukamlemea, akaacha kwenda kituo cha afya. Dawa zilikuwapo, aliyekosekana ni mtu wa kwenda ofisini kumfuatilia usajili. Kaya yake iliposahihishwa, alirudi kliniki.

Ndivyo ilivyo pia kwa msaada wa fedha wa mpango wa serikali uitwao VUP, ulioanza mwaka 2008, ambao hulenga kaya maskini zisizo na mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Mzee anayestahili anaweza kuukosa kwa sababu tu hajui aanzie wapi. Kumsindikiza hadi ofisini, kukaa naye kwenye foleni na kumsomea fomu ni sehemu ya matibabu yake.

2. Omba kuonyeshwa dawa

Nikifika kwa mgonjwa wa presha, simuulizi kama anameza dawa, maana atajibu ndiyo kwa heshima. Humwomba anionyeshe. Bibi mmoja alifungua kitambaa alichofungia vidonge kiunoni; vilikuwa karibu vyote. Akaniambia, “Mwanangu, leo kichwa hakiumi, nimeze ya nini?” Hapakuwa na ukaidi. Hakuna aliyemweleza kwamba presha hudhuru hata siku ambayo mwili hauna maumivu.

Kwa kuwa hasomi, tulichora jua kwenye pakiti, na kidonge kikawa kinakwenda na uji wa asubuhi. Mjukuu wake akapewa kazi ya kumkumbusha kabla ya kwenda shule. Mhudumu wa afya wa kijiji akawa anapita kuhakikisha. Rwanda ina wahudumu hawa tangu mwaka 1995, nao huchaguliwa na majirani wenyewe, ndiyo maana milango huwafungukia.

3. Kagua choo na kizingiti

Choo cha shimo humtaka mtu achuchumae. Mzee mwenye magoti mabovu huanza kupunguza maji na chakula ili asiende mara kwa mara, halafu tunamkuta na kizunguzungu na tunatafuta ugonjwa. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, gongo la kushikilia ukutani na kizingiti kilichoshushwa vimeondoa taabu kubwa katika nyumba nilizotembelea. Siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii Jumamosi ya mwisho wa mwezi, majirani huweza kuimaliza kazi hiyo asubuhi moja, mradi mtu awe amepeleka ombi mapema kwa mkuu wa kijiji.

4. Tarehe ya kliniki iende na msindikizaji

Zamani wagonjwa wa vilimani walibebwa kwa ingobyi, machela ya kienyeji, na kila kilima kilikuwa na kikundi cha kupokezana mabegani. Leo kuna ambulensi kwa dharura, lakini mzee anayekwenda kupimwa sukari hapelekwi na ambulensi. Akipewa tarehe, papo hapo nauliza: nani atampeleka, nauli ya pikipiki itatoka wapi, na mbuzi wake ataachiwa nani? Maswali hayo yasipojibiwa, hataenda.

5. Upweke nao huua hamu ya kula

Nimeona wazee wenye maharage ndani wasioyapika, kwa kuwa hakuna wa kula naye. Mwezi wa Aprili, kuanzia tarehe 7, ni mzito zaidi kwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Siku hizo hupanga kuwatembelea mapema na mara nyingi. Katika wilaya yetu ipo nyumba ya Impinganzima, makao ya Intwaza, yaani wazee waliouliwa watoto wao wote. Kule wanaishi pamoja na kuuguzwa. Wazee walio peke yao vilimani wanahitaji angalau kionjo cha hayo: jirani wa kula naye, kikundi cha akiba, mtu wa kuwaita kwa majina yao.

6. Anayemtunza naye atunzwe

Mara nyingi ni mkamwana au mjukuu wa kike. Anaamka usiku, anafua mashuka, analima, na kila mgeni humjulia hali mzee tu. Siku hizi naanza naye: umelala? Umekula? Nani anaweza kukupokea siku moja kwa wiki? Akichoka yeye, mzee naye huanguka.

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wote waliofikisha miaka 70, na Rwanda ilipitisha sera yake ya taifa ya wazee mwaka 2021. Natamani fedha na sera hizo ziongezeke. Hata hivyo, hakuna kijiji kinachohitaji kungoja ili kuandika orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na mbele ya kila jina kuweka jina la mtu mmoja atakayebisha hodi wiki hii.