Hatari Isitukute Tumetawanyika: Mwongozo wa Dharura kwa Nyumba na Kazi za Kamere

Saa nne asubuhi siku ya kazi, familia nyingi za Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, haziko pamoja. Mama yuko pakihausi katika shamba la maua, baba yuko ziwani na nyavu au barabarani na bodaboda, mtoto mkubwa yuko darasani, na mdogo ameachwa kwa jirani. Maji au moto ukizuka saa hiyo, kila mmoja atataka kukimbilia mwenzake, na wengi huumia katika kukimbiliana huko.

Watu wakiambiwa wajiandae kwa majanga, hufikiria kwanza tochi na sanduku la dawa. Vifaa hivyo vina kazi yake. Lakini kabla ya tochi, familia inahitaji kukubaliana: nani atamchukua mtoto, tutakutana wapi, na tutampigia nani simu. Mwajiri naye anahitaji kujua kwamba mfanyakazi asiye na habari za mtoto wake hatasimama kimya kwenye mstari kungoja kuhesabiwa. Mpango wa nyumbani na mpango wa kazini lazima iungane.

Zijue hatari za hapa kwetu

Ziwa Naivasha halina mto unaotoa maji yake juu ya ardhi. Mito ya Malewa na Gilgil huyaleta, kisha yanapungua kwa kuvukizwa na jua na kupenya ardhini. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda na huweza kukaa juu kwa muda mrefu. Tangu mwaka 2010 maziwa mengi ya Bonde la Ufa yamepanda hivyo. Katika mji wa Naivasha, mtaa wa Kihoto umefurika zaidi ya mara moja, na mwishoni mwa 2025 maelfu ya wakazi wake walilazimika kuhama. Kamere ina ufuo wake na riziki yake imeshikamana na maji yaleyale, kwa hiyo yaliyowapata wa Kihoto yanatuhusu.

Maji ya ziwa hupanda polepole na kutupa muda wa kuhamisha vitu. Maji ya korongo hayatoi muda huo. Tarehe 1 Septemba 2019, watu saba walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, jirani kabisa na sisi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli karibu na Mai Mahiu, baada ya njia yake kuzibwa na takataka na magogo, yalibomoa tuta na kuwakuta watu wamelala. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Miaka sita kabla ya hapo, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja kule Solai lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Mai Mahiu na Solai, mara zote mbili maji yalikuwa yamezuiliwa mahali juu ya makazi. Basi kila anayeishi bondeni na ajue ni nini kilicho juu yake: bwawa, tuta, karavati au korongo.

Moto ni hatari ya kila siku, hasa katika ploti za vyumba vilivyopangana ambako stima imeunganishwa kiholela na jiko hukaa karibu na pazia. Matetemeko makubwa ni nadra, ila bonde hili limeyaona: tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia lilitikiswa na tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6.9.

Makubaliano ya familia

Keti na wote wanaoishi nyumbani, msichana wa kazi akiwemo, mkubaliane mambo manne.

Kwanza, chagueni mahali pawili pa kukutana. Pa kwanza pawe karibu na nyumba, kama vile lango la kanisa, kwa ajili ya moto. Pa pili pawe juu, mbali na ziwa na makorongo, kwa ajili ya mafuriko.

Pili, chagueni mtu wa mbali wa kupokea habari: shangazi aliye Kakamega au kaka aliye Nyeri. Mtandao wa simu ukilemewa, ujumbe mfupi huweza kupita pale ambapo simu haishiki. Kila mmoja amtumie mtu huyo neno moja, yuko wapi na yu salama, naye awajulishe wengine. Namba yake iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa katika mkoba wa shule wa kila mtoto, kwani simu iliyozimika haimkumbushi mtu namba.

Tatu, mteue atakayemchukua mtoto ikiwa wazazi wamekwama kazini. Mpeleke shuleni jina la mtu huyo, na mwalimu amjue kwa sura. Jirani anayelea watoto wadogo naye aambiwe atawapeleka wapi maji yakija.

Nne, hesabuni wasioweza kukimbia: mzee, mgonjwa, mwenye ulemavu, mjamzito aliyekaribia kujifungua. Kila mmoja awe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina wa kumsaidia, na mwingine wa akiba. Ziwa likianza kupanda, hawa wahamishwe kwanza, maji yangali mbali.

Mfuko wa kubeba

Tafuta begi moja lenye mikanda ya mabegani ili mikono ibaki huru. Litundike karibu na mlango, ndani yake kuwe na:

- kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vitabu vya kliniki na karatasi za shule, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri; vipige picha pia na umtumie yule mtu wa mbali;
- dawa za kila siku za kisukari, shinikizo la damu, pumu au virusi vya Ukimwi, za kutosha angalau wiki moja;
- maji ya kunywa na chakula kisichohitaji kupikwa;
- tochi, redio ndogo, betri, na pawabanki yenye chaji;
- pesa taslimu za noti ndogo, kwa sababu stima na mtandao vikikatika M-Pesa haitakusaidia;
- sweta, leso, sodo, nepi, sabuni na filimbi ya kuitia msaada.

Kila mwezi kagua tarehe za dawa na ubadilishe maji.

Nyumba yenyewe

Anza na kutoka. Chumba kikishika moto usiku, utapitia wapi? Ploti nyingi hufunga lango kuu kwa kufuli, na ufunguo hukaa kwa mtunza ploti peke yake. Wapangaji wana haki ya kumwomba mwenye ploti aweke ufunguo wa pili mahali ambapo wote wanapajua. Dirisha lenye grili lisiwe gereza: angalau grili moja ya kila nyumba iweze kufunguliwa kutoka ndani.

Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, na ufungwe kwenye vali kila baada ya kupika. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga vali, fungua mlango na madirisha, toa watu nje. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya chumba cha kulala hata baridi ya Julai ikiuma namna gani. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Kwa mafuriko, safisha mitaro kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei na zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Vitu vya thamani na magunia ya nafaka viinuliwe juu ya vitalu vya mawe. Walio karibu na ufuo wasimike kijiti chenye alama za sentimita ukingoni mwa maji na kukisoma kila wiki. Maji yakipanda wiki tatu mfululizo, usingoje yafike kizingitini; anza kutafuta chumba upande wa juu.

Ziwa likipanda, viboko nao husogea karibu na nyumba. Epuka kutembea ukingoni kuanzia jioni hadi alfajiri, na usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Akiingia makazini, waite maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kumtupia mawe ni kujitafutia kifo.

Kazini na ofisini

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili, na zoezi la kutoka wakati wa moto linatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi 12. Mfanyakazi akiuliza zoezi la mwisho lilifanyika lini, anauliza haki yake.

Katika shamba la maua, milango ya pakihausi isizibwe na maboksi. Stoo ya dawa za kunyunyizia iwe mahali pa juu ambapo mafuriko hayafiki, maana dawa zikiingia majini zinawafuata watu hadi majumbani. Kila zamu iwe na orodha ya waliopo, iliyo mikononi mwa msimamizi, ili watu wakikusanyika nje ijulikane mara moja nani hayupo. Mahali pa kukusanyika pasiwe mkabala na upepo unaotoka kwenye stoo hiyo.

Ofisi ndogo, duka la simu, zahanati na chama cha akiba vinahitaji mambo machache: kizimamoto kilichokaguliwa na watu wawili wanaojua kukitumia, kabati nzito zilizofungwa ukutani, na nakala za vitabu vya hesabu zinazohifadhiwa nje ya jengo.

Kisha kuna jambo ambalo mashamba na ofisi nyingi husahau: dakika ya mzazi. Mpango wa kila mwajiri useme wazi kwamba baada ya watu kuhesabiwa, wenye watoto wadogo wataruhusiwa kupiga simu, na shule zilizo jirani zitapata habari kutoka kwa mtu mmoja aliyeteuliwa. Mfanyakazi anayejua hilo mapema hutulia, na hatoroki kupitia mto uliofurika.

Saa ya hatari

*Mafuriko.* Panda juu kwanza, piga simu baadaye. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi. Usivuke, iwe kwa miguu au kwa bodaboda. Ukiwa korongoni, usitegemee anga la juu yako; mvua huweza kunyesha mbali, maji yakakufikia jua likiwaka. Zima stima kwenye swichi kuu ikiwa mikono yako ni mikavu na unaposimama ni pakavu. Ukiona waya ulioanguka, kaa mbali na uwaarifu Kenya Power kwa 97771.

*Moto.* Piga kelele, toa watu, funga mlango nyuma yako, usirudi kuchukua kitu. Penye moshi tambaa, kwa kuwa hewa safi iko karibu na sakafu. Mafuta yakiwaka kwenye sufuria, zima jiko na uifunike kwa kifuniko; usimwagie maji. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta huzidisha madhara.

*Lori la mafuta likianguka.* Kimbia, kaa mbali, usiwashe chochote. Tarehe 31 Januari 2009 kule Sachangwan, zaidi ya watu 100 waliteketea walipokusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Hakuna mtungi wa mafuta unaolingana na maisha ya mtu.

*Tetemeko.* Inama, jifiche chini ya meza imara, shikilia mpaka mtikisiko uishe. Ndipo utoke, ukikaa mbali na kuta na nyaya.

Msaada wa haraka hupatikana kwa 999 au 112, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kwa 1199. Namba ya kituo cha zimamoto cha kaunti kilicho karibu iulizwe kwa chifu leo na ibandikwe mlangoni.

Baada ya maji kupungua

Vyoo vya shimo vikifurika, kila kisima na kila dimbwi ni la kutiliwa shaka. Kipindupindu na homa ya matumbo huja nyuma ya maji. Maji ya kunywa yachemshwe. Kamere iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa joto la chini kuliko Mombasa, kwa hiyo yaache yatokote kwa dakika tatu kamili. Kama huna kuni, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mwenye kuharisha sana apewe maji yenye chumvi maalumu na apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Usiwashe stima kabla ya fundi kukagua nyaya. Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha, kwa ajili ya msaada au bima. Na watoto wasikilizwe. Mtoto aliyeona nyumba yake ikizama huweza kukosa usingizi kwa majuma mengi. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumweleza ukweli kwa upole.

Mahali pa kuanzia

Yote haya hayafanywi kwa siku moja, wala na familia moja peke yake. Wiki hii, chagueni mahali pa kukutana na mwandike namba ya mtu wa mbali. Wiki ijayo, jazeni begi. Mwisho wa mwezi, wapangaji wa ploti wakutane kuhusu ufunguo wa lango, na kamati ya usalama kazini iulizwe tarehe ya zoezi lijalo. Katika kikao cha Nyumba Kumi, mzee wa mtaa na ataje mbele ya wote nyumba zenye wagonjwa na wazee, na kila moja ipewe jirani wake wa kuisaidia. Kamere ikifika msimu wa mvua ikiwa na majibu hayo, maji yatakuta watu wanaojua pa kwenda.