Mawe ya Volkeno: Saa na Dira ya Dunia ya Kale

Mkaazi wa Marsabit hahitaji kuelezwa jiwe la volkeno ni lipi. Mawe hayo meusi yametanda kwenye miteremko ya Mlima Marsabit, Mlima Kulal na Vilima vya Huri, na mifugo yetu huyakanyaga kila siku. Makala haya yanaeleza yale ambayo watafiti husoma ndani yake, na sababu ya kuwaomba wananchi wasiyahamishe yale yaliyo kwenye maeneo ya utafiti.

Dira ndani ya jiwe

Dunia ina nguvu ya sumaku inayotokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka kwenye kiini chake. Nguvu hiyo ndiyo huelekeza sindano ya dira kaskazini, na pia hutukinga dhidi ya chembechembe hatari zinazotoka kwenye jua.

Lava huwa na punje ndogo za madini ya chuma yaitwayo magnetaiti. Punje hizo zikiwa na joto kali hazishiki sumaku. Zikipoa chini ya nyuzi 580 za Selsiasi, hupata sumaku inayofuata mwelekeo wa sumaku ya dunia wakati huo. Jiwe likishapoa, alama hiyo yaweza kudumu mamilioni ya miaka.

Mwaka 1906, Bernard Brunhes alipata huko Ufaransa miamba ambayo sumaku yake ilielekea upande ulio kinyume na wa leo. Mwaka 1929, Motonori Matuyama wa Japani alionyesha kwamba miamba ya namna hiyo ni ya zamani kuliko ile inayofuata mwelekeo wa sasa. Leo inajulikana kwamba kaskazini na kusini za sumaku zimebadilishana nafasi mara nyingi. Mara ya mwisho ilikuwa takriban miaka 780,000 iliyopita.

Saa ndani ya jiwe

Dira hiyo hueleza upande tu. Haielezi ni lini. Saa yake ni potasiamu. Aina moja ya potasiamu hubadilika polepole sana, na sehemu yake huwa gesi ya agoni. Huchukua miaka bilioni 1.25 kwa nusu yake kubadilika. Lava ikiwa imeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ikiganda, gesi huanza kujikusanya upya, na kiasi chake hueleza umri wa jiwe.

Katika miaka ya 1960, Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple wa Marekani waliunganisha dira na saa hiyo, wakatengeneza kalenda ya mabadiliko ya sumaku ya dunia. Kipindi kimoja katika kalenda hiyo kina jina la Olduvai, bonde lililoko Tanzania. Kilianza takriban miaka milioni 1.95 iliyopita na kuisha takriban milioni 1.78 iliyopita. Wakati huo sumaku ilielekea kama leo, ingawa kabla na baada yake ilikuwa imegeuka.

Funzo la Koobi Fora

Koobi Fora, katika Mbuga ya Kitaifa ya Sibiloi, kuna tabaka la majivu ya volkeno liitwalo KBS. Vipimo vya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, vililipa umri wa takriban miaka milioni 2.6. Mwaka 1972, Bernard Ngeneo alipata chini ya tabaka hilo fuvu maarufu nambari 1470, nalo likadhaniwa kuwa la zamani zaidi ya hapo.

Kwa nini sumaku haikutatua suala hilo peke yake? Kwa sababu miaka milioni 2.6 iliyopita, na pia milioni 1.9 iliyopita, sumaku ya dunia ilielekea kama leo. Majibu mawili yalilingana na alama moja. Ubishi uliendelea kwa miaka mingi hadi vipimo makini zaidi, vikiwemo vya Ian McDougall wa Australia, vilipoonyesha umri wa takriban milioni 1.88. Fuvu likarudishwa kwenye takriban miaka milioni 2. Dira bila saa inaweza kupotosha.

Jiwe libaki mahali pake

Kabla ya kutoa kipande chembamba cha jiwe, mtafiti hutia alama ya upande lilikoelekea na jinsi lilivyolala. Jiwe likishageuzwa au kubebwa, mwelekeo huo hauwezi kujulikana tena. Vivyo hivyo, mfupa wa kale ukiondolewa kwenye tabaka lake, njia ya kujua umri wake hupotea.

Kwa hivyo, wakaazi wanaombwa:

1. Wasichimbe wala kubeba mawe kutoka maeneo ya utafiti.
2. Wakiona mfupa uliogeuka jiwe au zana ya mawe, wasiuguse wala kuiokota. Waweke akilini mahali hapo na kumwarifu chifu au afisa wa Makavazi ya Kitaifa. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu makavazi na turathi hulinda vitu hivyo.
3. Wakimwona mtu akitoboa miamba, wana haki ya kumwuliza kibali chake cha utafiti.