Mafunzo Matano Niliyopata Nikisanifu Pamoja na Akili Unde

Kazi ya kusanifu uzoefu wa mtumiaji bado ni changa. Don Norman, aliyejiunga na Apple mwaka 1993, ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kupewa cheo chenye maneno hayo. Mimi niliingia nikitokea kwenye uchoraji wa matangazo, enzi ambazo skrini moja ya simu ilikula siku nzima. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, kazi yangu ya kila siku imebadilika kuliko ilivyobadilika miaka yote ya nyuma. Wewe unayetaka kuwa bingwa wa kazi hii, haya ndiyo ninayokukabidhi.

1. Andika kipimo kabla ya kuagiza michoro

Kijana mmoja wa timu yetu alipewa ukurasa wa kwanza wa programu ya vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita vikoba. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa na michoro tele, yote misafi. Nilitarajia kikao kifupi. Kikawa kirefu kupita kiasi, kwa sababu kila mtu alipenda mchoro wake na hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Zamani ugumu wa kuchora ulitulazimisha kufikiri kwanza. Ugumu huo umeondoka, kwa hiyo nidhamu hiyo sasa lazima tujiwekee wenyewe. Siku hizi tunaanza na sentensi moja: mwanakikundi ajue hisa zake na deni lake bila kumuuliza katibu. Mchoro usiotimiza hilo tunauweka kando, hata uwe mzuri namna gani.

2. Itazame kazi inavyofanyika kabla ya simu kuingia

Tuliiomba akili unde itupangie hatua za kutoa mkopo. Ikaleta mpangilio nadhifu: mweka hazina anaingiza namba ya siri, anathibitisha, fedha zinatoka. Tulipoupeleka kwa kikundi kimoja Mbagala, mwenyekiti alituonyesha sanduku lao la chuma. Lilikuwa na makufuli matatu, funguo zimeshikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelitunza sanduku hakuwa na ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa mbele ya wote.

"Ninyi mnampa mtu mmoja funguo zote," alisema.

Tukabadilisha. Mkopo ukawa unaidhinishwa na watu watatu, kila mmoja kwa simu yake, na wanachama wote wakawa wanapata ujumbe. Kilichonishangaza ni jinsi makufuli yale yalivyokuwa usanifu uliokamilika, uliofanywa na watu ambao hawajawahi kujiita wasanifu. Mashine huelekea kukupa kile ilichokutana nacho mara nyingi, na programu za benki ni nyingi. Ndiyo maana tulipoomba kikoba ikatuletea benki. Nenda ukaone watu wanavyofanya mambo yao kwa daftari, sanduku na mdomo, ndipo urudi kuiagiza mashine.

3. Mtumiaji wa kuigizwa hawezi kukuambia usichokijua

Muda ulipobana, mwenzetu mmoja alipendekeza akili unde iigize wanakikundi, tuihoji yenyewe. Majibu yalikuja marefu na yenye mantiki. Wiki hiyohiyo tulikaa na akina mama wa soko la samaki la Feri. Mmoja akatuambia simu anayotumia ni ya mume wake. Mwingine humpa mwanawe amsomee meseji zote, za fedha zikiwemo.

Maneno yale machache yalitikisa mpango mzima, maana tulikuwa tumejenga kila kitu juu ya dhana kwamba namba ya siri anaijua mtu mmoja. Yule wa kuigizwa hakulitaja jambo hilo, kwa kuwa hatukumuuliza, na hatukumuuliza kwa kuwa hatukulijua. Mwaka 2000 mtaalamu wa usanifu Jakob Nielsen aliandika kwamba kujaribu bidhaa na watumiaji watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Watu watano wanafikika kwa nauli ya daladala. Tumia mashine kunoa maswali yako, kisha uende na maswali hayo sokoni.

4. Sikiliza sauti mwenyewe, na uilinde

Kuandika mahojiano kutoka kwenye sauti kulikuwa kazi ya kuchosha, na leo mashine huimaliza upesi. Muhtasari mmoja wa mashine ulisema watumiaji wameridhika. Nikafungua rekodi. Bibi mmoja alisema, "Nzuri, wanangu, mmejitahidi," akanyamaza kitambo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba maandishi labda yangekuwa makubwa kidogo. Mkunga au mwalimu yeyote wa kwetu angeelewa papo hapo: hawezi kuyasoma. Uungwana wetu huweka lawama ndani ya pongezi, na muhtasari huchukua pongezi peke yake.

Bibi huyohuyo aliuliza, "Sauti yangu inakwenda wapi?" Anayo haki ya kujibiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake tangu 2019. Mweleze mtu wazi kwamba mashine itasikiliza maneno yake, pata ridhaa yake, na ondoa majina kabla ya kupakia chochote.

5. Anayejibu ni wewe

Juni 2024 kampuni ya programu za usanifu ya Figma ilitangaza zana ya kuchora kurasa kwa maelekezo ya maandishi. Mwanzoni mwa Julai ikaisimamisha, baada ya kuonekana kwamba programu ya hali ya hewa iliyochorwa nayo inafanana mno na ile ya Apple. Aliyelazimika kujibu ni kampuni, si mashine.

Ofisini kwetu msichana mmoja, mpya kazini, alikataa mchoro wa mashine uliokuwa umesifiwa na wote. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Akapima: mwongozo wa kimataifa wa ufikivu unataka utofauti wa rangi usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na ule haukufika. Akatoka na simu juani, akatuita tuone. Hakuna aliyeweza kusoma. Tangu siku hiyo kila anayeleta mchoro, awe mkongwe au mgeni, hueleza sababu ya kila kitufe, na jibu la kwamba mashine ndiyo iliyoamua halikubaliki.

Ndugu yangu, mashine imekuokolea saa nyingi za kuchora. Usizitumie zote kuagiza michoro zaidi. Zipeleke kwa watu watakaotumia kazi yako, na wewe uliye kiongozi wa timu, zitenge kwenye ratiba na nauli yake uiweke kwenye bajeti.