Kazi za Nyumba na Nyakati za Sala

Wengi wetu hapa Kakamega twasema hatuna wasaa wa kutengeneza nyumba. Lakini sala tano zimekwisha kutugawia siku. Imebaki kutia kazi ya dakika chache kila moja iishapo. Baada ya alfajiri mume azoe majivu, watoto watandike vitanda, na nguo zianikwe mapema, kwani mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri. Baada ya isha vyombo visilale vichafu.

Twasema mume kwa kusudi. Bukhari amepokea kuwa Bibi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Wako wanaume wahudhuriao darasa kila juma na hawajapata kushika ufagio. Matope ya viatu vyao huyafagia nani?