ALAMA MOJA KWA SIKU



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wengi wetu twaijua kwa mdomo. Lakini tukiulizwa nyumba yetu inakula mahindi kiasi gani kwa mwezi, tunajikuna kichwa na kusema, "Aa, ni mengi tu." Katika somo hili tutajifunza tabia moja ndogo ambayo mtu anaweza kuianza leo bila kutumia pesa: kuweka alama kila siku kwa kile kilichotoka. Hata mzee asiyejua kusoma anaweza kuifanya.

1. TUANZE NA GHALA

Sote tunaijua gorogoro, ule mkebe wa karibu kilo mbili tunaopimia mahindi sokoni. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro kama 45. Sasa tuchukue mfano wa nyumba ya watu sita inayotumia gorogoro moja kwa siku. Gunia moja litawatosha siku 45, yaani mwezi mmoja na nusu. Kwa mwaka mzima wanahitaji magunia manane na kidogo juu yake.

Tuseme nyumba hiyo imevuna magunia kumi. Yakipangwa ghalani yanaonekana mengi ajabu. Pande za Trans Nzoia na Uasin Gishu mavuno huanza Oktoba, na Januari shule zinafunguliwa, karo inadaiwa. Mzee anaita mwenye lori na kuuza magunia matano. Hapo hakuna aliyefanya ubaya, kwani mtoto lazima asome. Lakini yaliyobaki ni matano, yaani chakula cha siku 225. Kama walianza kula tarehe mosi Novemba, ghala litakuwa tupu katikati ya Juni. Kutoka hapo mpaka mavuno mengine ni kununua, na wakati huo bei iko juu kwa sababu karibu kila nyumba inanunua.

Tupige hesabu ya mfano. Gunia liliuzwa shilingi 2,700, ambazo ni shilingi 60 kwa gorogoro. Mwezi wa Juni gorogoro ni shilingi 100. Gunia lile lile sasa linarudi nyumbani kwa shilingi 4,500. Hasara ni shilingi 1,800 kwa kila gunia, na kwa magunia matatu ni shilingi 5,400. (Wekeni bei za soko lenu, mtaona wenyewe.)

Nyumba inayoweka alama ingejua mapema kwamba ya kuuza ni kama mawili tu. Karo bado ingekuwa pale pale. Lakini wangekuwa na miezi ya kujipanga: kuuza mbuzi, kuomba zamu yao ya merigoraundi iangukie Januari, au kwenda kwa mwalimu mkuu kabla ya shule kufunguliwa na kuomba kulipa kidogo kidogo. Anayejua mwezi wa Novemba ana njia nyingi. Anayejua mwezi wa Juni ana njia moja tu, nayo ni kukopa.

2. JINSI YA KUWEKA ALAMA

(a) Chagueni mahali pasipofikiwa na mvua, kama nyuma ya mlango wa ghala. Tumieni chaki au kipande cha makaa.

(b) Yule anayepima mahindi ndiye anayeweka alama, na aiweke hapo hapo kabla hajafunga mlango. Tukisema "nitaandika baadaye," tumeshasahau.

(c) Kila gorogoro ni mstari mmoja. Pigeni mistari minne, na wa tano uikate ile minne. Hilo ni fungu moja. Mafungu tisa ni gunia moja limekwisha.

(d) Mahindi ya wageni, ya vibarua, ya matanga na ya kuku pia yawekewe alama. Mara nyingi hayo ndiyo yanayotoka bila kuonekana.

(e) Ukisahau siku moja, weka alama mbili kesho yake na uendelee. Tabia haifi kwa siku moja iliyorukwa. Inakufa pale mtu anaposema, "Basi, nimeshaharibu, niache tu."

Inasaidia sana kufunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari tunalifanya kila siku. Hakuna anayehitaji kukumbushwa kufungia kuku jioni, kwa sababu mkono umezoea. Alama nayo ikifungwa kwenye kupima mahindi, baada ya wiki kadhaa mkono utaizoea.

3. PESA NDOGO NDOGO

Mtu hukumbuka vizuri siku aliponunua mabati. Ni nani anayekumbuka chai na mandazi za pale stendi? Tuseme ni shilingi 30 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 900, na kwa mwaka ni shilingi 10,950. Kredo ya simu ya shilingi 20 kila siku inafika shilingi 7,300 kwa mwaka.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, pesa nyingi zinatoka bila kushikwa mkononi. Noti ikitoka mfukoni unaiona ikienda. Ya kwenye simu inaondoka kimya, pamoja na ada ya kutuma. Kwa hivyo, kila jioni kabla ya kulala, fungua zile ujumbe za siku hiyo na uandike kwenye daftari la watoto lililobaki kurasa: tarehe, kitu, shilingi. Dakika tano zinatosha.

Hatusemi watu waache chai. Mtu aliyeshinda shambani ana haki ya kikombe chake. Tunachosema ni kwamba achague mwenyewe, akijua bei ya mwaka mzima.

4. DAFTARI SI POLISI

Hapa tuwe waangalifu, kwa maana nyumba nyingine zimegombana kwa ajili ya daftari. Baba akilichukua na kuuliza, "Mama Fulani, hizi shilingi 50 zilienda wapi?" kama anayehoji mwizi, kesho yake mama hataandika kitu. Na mama akimsomea baba matumizi yake mbele ya watoto, daftari litaishia jikoni kuwashia moto.

Kubalianeni hivi. Kwanza, wote wawili wanaandika, hakuna anayeandikiwa na mwenzake. Pili, daftari lifunguliwe siku moja kwa wiki, mkiwa mmetulia na mmekula. Tatu, swali liwe "Tufanye nini wiki ijayo?" Nyumba ikizoea swali hilo, hata mambo makubwa ya shamba na karo yataongeleka.

5. KATIKA KIKUNDI

Vikundi vingi huvunjika kwa pesa kidogo ambazo hakuna aliyeandika zilikoenda. Mweka hazina anatoa shilingi 200 za nauli, anasema ataandika akifika nyumbani, anapata mgonjwa, anasahau. Mwezi ujao minong'ono inaanza, na mtu mwaminifu anaitwa mwizi. Alama iliyowekwa siku hiyo hiyo, mbele ya wanachama wawili, inamlinda mweka hazina kuliko maneno mengi. Kabla ya kufunga mkutano, hesabu isomwe kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima mtu awe anakipima.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumba yako inatumia gorogoro ngapi kwa wiki? Mahindi yaliyoko sasa yatakwisha mwezi gani?
2. Ni vitu gani vinavyotoka nyumbani bila mtu kuviona?
3. Katika kikundi chetu, ni nani huandika, na huandika lini?
4. Tufanye nini ili daftari lisilete ugomvi kati ya mume na mke?

KAZI YA MWEZI HUU: Kila mwanachama aweke alama za ghala kwa siku 30. Mkutano ujao kila mmoja aje na idadi yake, na kikundi kipige hesabu pamoja kabla ya mtu yeyote kuita mwenye lori.