Soko la Samaki la Feri kama Darasa: Maandalizi ya Ziara ya Masomo ya Siku Moja

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mtoto wa shule ya msingi hajaishi kwingi. Kwa hiyo ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha mengi. Njia mojawapo ya kutimiza wajibu huo ni ziara ya masomo.

Makala haya yanaeleza ziara ya wanafunzi wa Darasa la Tano kutoka Temeke hadi Soko la Samaki la Feri, lililopo Magogoni karibu na mlango wa bandari ya Dar es Salaam, jirani na kivuko cha kwenda Kigamboni. Mwanachuo atakayefanya mazoezi ya kufundisha Kinondoni aweza kufuata utaratibu huu huu katika pwani ya Kunduchi, ambako licha ya wavuvi kuna mahame yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo.

2. Madhumuni

Ziara isiyo na madhumuni ni matembezi tu. Mwisho wa siku kila mwanafunzi aweze:
(a) kueleza safari ya samaki kutoka baharini hadi jikoni;
(b) kutaja aina tano za samaki na aina mbili za vyombo vya uvuvi;
(c) kukokotoa faida na hasara kwa bei alizozisikia mwenyewe;
(d) kutambua samaki mbichi asiyeharibika: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama isiyobonyea.

3. Matayarisho

Mwalimu hana budi kwenda sokoni peke yake kabla ya kuwapeleka watoto. Aombe ruhusa kwa uongozi wa soko, na wazazi waarifiwe kwa barua. Aidha atazame mahali penye hatari: ukingo wa maji, sakafu yenye utelezi, visu vya wanaoparua magamba, na makarai ya mafuta ya moto ya wakaangaji.

Achunguze pia majira ya maji. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa sababu hiyo hali ya pwani aliyoiona Jumatatu saa tatu asubuhi haitakuwa hiyo hiyo Jumatatu ifuatayo. Vilevile akumbuke pepo. Wakati wa kusi, takriban Juni hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo huenda visitoke. Mwalimu akilijua hilo, uchache wa samaki hautakuwa balaa kwa somo lake, bali utakuwa sehemu ya somo.

Darasa ligawanywe katika makundi ya watoto sita sita, kila kundi na mtu mzima mmoja na maswali yake ya kuuliza. Kundi moja lichunguze ngalawa, mashua na boti za mashine, jingine mnada, jingine wanaoparua na kukaanga, jingine usafi na matumizi ya barafu. Watoto wafundishwe kuamkia na kuomba radhi kabla ya kuuliza, kwani mtu wa sokoni yuko kazini.

4. Siku ya ziara

Yafaa kufika mapema, mnada ungali unaendelea. Hapo wanafunzi watamsikia dalali akipandisha bei ya tenga la changu au nguru mmoja mkubwa, nao wataelewa maana ya ugavi na mahitaji bila kuandikiwa ubaoni.

Nilipokuwa bado nafundisha shule ya msingi, niliongoza ziara ya namna hii yenye watoto 42. Saa nne tulipohesabu, tulipata 41. Aliyekosekana alikuwa msichana ambaye nilikuwa nimemwandika mtoro katika daftari la mahudhurio mara nyingi, na kumwadhibu kwa kuchelewa. Nilimtafuta kwa hofu kubwa. Nilimkuta kwa mama mmoja mkaangaji, akimsaidia kurudisha chenji, wala hakosei. Yule mama akaniambia, "Mwalimu, huyu ni mwenzetu. Kila alfajiri huja na mama yake kuchukua samaki, ndipo aende shule."

Makosa yalikuwa yangu mawili. La kwanza, sikuhesabu watoto kila tulipohama sehemu moja hadi nyingine. La pili, na ndilo kubwa zaidi, nilikuwa nimemfundisha mtoto yule muda mrefu bila kujua anatoka wapi kila asubuhi. Wiki ile nilimwita mzazi wake, tukazungumza kwa heshima. Mama alikubali kwenda sokoni na jirani yake siku za shule, nami nilifuta neno "mtoro".

5. Kazi baada ya ziara

Ziara haiishii kwenye basi. Kesho yake wanafunzi watunge hesabu zao wenyewe. Kwa mfano, mama amenunua ndoo ya vibua kwa sh. 40,000, nauli sh. 2,000, mafuta na mkaa sh. 5,000, jumla sh. 47,000. Akipata mafungu 25 na kuuza kila fungu sh. 2,000, atapata sh. 50,000, yaani faida ya sh. 3,000. Lakini mafungu matatu tu yakikosa wanunuzi, atapata sh. 44,000, na hasara itakuwa sh. 3,000. Mtoto akiona mafungu matatu yanavyogeuza faida kuwa hasara, ataelewa kwa nini barafu ina thamani, na kwa nini mzazi wake hurudi nyumbani akiwa kimya.

Katika Jiografia, soko letu lilinganishwe na la mbali. Huko Damnoen Saduak, nchini Thailand, kuna soko la mitumbwi kwenye mfereji uliochimbwa kati ya mwaka 1866 na 1868, ambamo wauzaji hukaa chomboni na bidhaa zao. Feri chombo huleta samaki, na biashara hufanyika nchi kavu. Wanafunzi waulizwe: ni nini katika maji ya mfereji na maji ya bahari kinacholeta tofauti hiyo?

6. Hitimisho

Mwanachuo asidhani kuwa ziara ni ya kuwafunza watoto peke yao. Mwalimu naye huenda kujifunza, hasa habari za wale anaowafundisha.

Mazoezi
1. Andika andalio la somo la Hisabati litakalofuata ziara ya soko lililo karibu na shule yako ya mazoezi.
2. Orodhesha hatari tano za mahali hapo na namna ya kuzizuia.
3. Chagua mwanafunzi mmoja anayechelewa mara kwa mara. Kabla ya kumwadhibu, utafanya uchunguzi gani?